Ultrasaundi ya kliniki haifikishi dawa kwenye ubongo

Mhariri,

Hapa Tanga wapo wanaouliza kama mzazi aliyeanza kusahau anaweza kupelekwa kliniki yoyote ya Ngamiani yenye ultrasaundi, akatibiwe ubongo kwa mawimbi ya sauti. Hawezi, na tunaomba nafasi tueleze sababu.

Seli za kuta za mishipa midogo ya damu ubongoni zimebanana mno, dawa nyingi hazipenyi. Mawimbi kazi yake ni kufungua njia tu, dawa ni jambo jingine. Mgonjwa huchomwa sindano ya viputo vya gesi, vidogo kama chembe za damu. Mawimbi yakilengwa mahali, viputo hutanuka na kusinyaa hadi kuta zile zikalegea, dawa ikapita. Siku moja au mbili baadaye njia imekwisha kujifunga.

Mashine ni kofia kubwa yenye vitoa mawimbi 1,024, na mgonjwa huwa amelala ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Fuvu hupindisha mawimbi, kwa hiyo hutangulia CT skani, picha za fuvu za eksirei, ili kompyuta ipange kila kimoja kipige wakati gani, yote yakutane penye nukta moja. Mitetemo ni 220,000 kwa sekunde. Kifaa cha kupimia wajawazito hutoa mamilioni, na mitetemo ya kasi hiyo mfupa huimeza. Kichwa hunyolewa chote, kwani hewa iliyonasa kwenye nywele huyarudisha mawimbi yalikotoka (mjamzito naye hupakwa jeli tumboni kwa sababu hiyohiyo).

Nguvu ikizidi, viputo hupasuka na mishipa huvuja damu. Ikipungua, hakuna kinachofunguka. Ndiyo maana mashine husikiliza mlio wa viputo muda wote.

Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, waliopewa pamoja na mawimbi aducanumab, dawa ya kuondoa protini ya amiloidi inayorundikana ubongoni, kwa miezi 6. Palipofunguliwa, amiloidi ilipungua kwa wastani wa asilimia 32 zaidi kuliko pasipofunguliwa. Wagonjwa walikuwa 3 tu! Tena amiloidi kupungua si kumbukumbu kurudi.

Anayepitisha kifaa cha kliniki juu ya kichwa cha bibi na kudai fedha, msimpe. Mzee anayesahau apelekwe Hospitali ya Bombo, daktari aangalie shinikizo la damu, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, maana baadhi ya visababishi vya kusahau vinatibika. Na aende na dawa zote anazomeza, zikiwa kwenye pakiti zake.

Wataalamu wa mionzi,
Tanga