Kabla ya kuchanga karo, ulizeni kuhusu kibali cha kazi

Mhariri,

Msimu wa michango umefika tena hapa Malindi. Kadi zinazunguka, vikundi vya WhatsApp havilali, na mzazi ambaye mwanawe amepata chuo ng'ambo anapiga hesabu ya karo, nauli, viza na koti la baridi. Nimekaa katika kamati kadhaa za namna hii. Senti ya mwisho huhesabiwa, lakini nadra kumsikia mtu akiuliza: kijana akimaliza masomo, sheria ya nchi ile itamruhusu kufanya kazi?

Ajenti husema tu, "Akimaliza, kazi ipo." Ikumbukwe kuwa ajenti wengi hulipwa kamisheni na vyuo wanavyovipelekea wanafunzi. Mwanao akishaingia darasani, ajenti keshapata chake.

Chukueni kozi tunayoipenda huku kwetu, usimamizi wa hoteli. Mji huu umekula kwa watalii miaka mingi, si ajabu vijana wakaifuata. Binti mmoja wa mtaani kwetu alipata barua ya kukubaliwa kusomea diploma hiyo katika kolegi moja ya Kanada, na shamba la minazi likawa limeshatafutiwa mnunuzi. Kumbe kwa walioomba ruhusa ya kusoma Kanada kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, diploma ya kolegi haizai kibali cha kazi mpaka fani yake iwe kwenye orodha ya serikali: afya, ualimu, kilimo, ufundi, uchukuzi, sayansi na teknolojia. Hoteli haimo. Angesoma, angefaulu, kisha angefunga mizigo na deni lake. Kozi hiyo hiyo akiisomea shahada chuo kikuu, sharti la fani halimgusi. Tena si kila chuo cha Kanada kinachopokea wageni kinampa mhitimu haki ya kuomba kibali, na kibali chenyewe hutolewa mara moja tu maishani. Ajenti alipobanwa alijibu, "Hayo mtayaona huko huko." Shamba halikuuzwa, alhamdulillahi.

Marekani nako kuna mitego yake. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, hupewa miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, mpango unaoitwa OPT. Aliyesomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuongezewa miezi 24, mradi mwajiri wake awe amejiandikisha katika E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kama mfanyakazi anaruhusiwa kufanya kazi. Kinachoamua hapo ni namba ya kozi katika orodha ya serikali, wala si jina tamu lililo kwenye cheti. Uchumi wa jumla haumo. Uchumi wa hesabu na takwimu umo. Basi wawili waliosoma uchumi chuo kimoja, mmoja hubaki kazini na mwenzake akaambiwa muda umekwisha. Maombi ya ile miezi 12 hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo hadi siku 60 baadaye, na kabla ya kadi ya kibali kutoka hakuna kushika kazi. Muda ukishaanza, siku za kukaa bila ajira katika ile miezi 12 zisizidi 90 kwa jumla.

Uingereza ni afadhali kidogo, kwani mhitimu haulizwi kama ameshapata mwajiri. Lakini lazima aombe ruhusa ya kubaki na kufanya kazi akiwa ndani ya nchi na viza yake ya masomo ikiwa hai. Akija kula Idi nyumbani viza ikaishia huku, nafasi imempita. Na atakayeomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 atapata miezi 18 badala ya miaka miwili, isipokuwa mwenye shahada ya uzamivu, ambaye habadilishiwi miaka yake mitatu. Kwa hiyo kijana anayeondoka sasa asipigiwe hesabu ya aliyeondoka zamani.

Najua wapo watakaosema vijana wakimaliza warudi wajenge kwao. Warudi, sawa. Lakini matangazo ya kazi hapa yanadai uzoefu wa miaka miwili, mitatu, na deni la shamba halilipwi kwa cheti kilichotundikwa ukutani. Nchi hizo nazo siwezi kuzilaumu. Kila mwenye nyumba ana masharti yake. Ninaowalaumu ni ajenti wanaoyajua masharti hayo wakanyamaza, na sisi wa kamati tunaoona haya kuuliza.

Naomba kamati za michango, pamoja na wanaogawa basari za kaunti na za maeneo bunge, wadai majibu ya maandishi kutoka chuo chenyewe kabla ya kadi kuchapishwa: kozi ina namba gani, mhitimu wake anaruhusiwa kuomba kibali, na cha muda gani. Barua iandikwe moja kwa moja kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo, si kwa ajenti.

Mwalimu mstaafu,
Barani, Malindi