Nitafutie kaseti ya Philly

Walukuba, Jinja
20 Oktoba

Rehema dada yangu,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wajukuu, kama inavyoniacha mimi, namshukuru Mungu. Mvua imetuandama, unga wa posho umepanda bei, na umeme unakatika kila jioni ilhali tunalala kandokando ya bwawa linalouzalisha. Mengine atakueleza Mama Opio, ndiye mchukuzi wa barua hii, na kama kawaida yake atakueleza na yasiyokuwepo.

Nina haja nawe. Naitaka ile kaseti ya Philly Lutaaya.

Unajua ninayoisema. Siyo ile ya Krismasi, hiyo hata askari wa geti shuleni kwetu anayo kwenye simu. Naitaka ile yenye "Alone", aliyoinakili kaka yako Yusufu kwa redio ya jirani, akaandika majina ya nyimbo kwa wino wa kijani, na pembeni akachora gitaa dogo lenye nyuzi nne. Kifuniko kilipasuka kona moja akakifunga kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Mara ya mwisho niliiona ndani ya sanduku la bati la Mama, chini ya vitenge, siku za msiba wa Baba. Tafadhali usiniambie imetupwa.

Ningeweza kukupigia simu. Nimekupigia, tena si mara moja, na kila mara tumeishia kwenye bei ya vitenge na mguu wa Mama. Jambo lenyewe halisemeki wakati salio linakwisha na wateja wako wanapiga kelele nyuma.

Sikiliza basi. Tarehe 17 ilikuwa siku ya kumkumbuka Philly Lutaaya. Mwalimu mmoja kijana alisema maneno mawili matatu mstarini asubuhi, watoto wakapiga makofi, wakaingia madarasani. Mchana nilikuwa bwenini na wasichana wa kidato cha pili, wanakunja nguo, mmoja akaniuliza: "Matroni, huyo Philly ndiye yule wa kanisani anayeimba Krismasi?" Mwenzake akamsahihisha kwamba ni mtu wa Sweden. Rehema, nilikaa kitako juu ya kitanda cha mtoto. Hawa wamecheza "Zuukuka" na "Katujaguze" kila Desemba tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Sokoni wanaisikia, kwenye teksi wanaisikia, harusini wanaisikia. Sauti wanaijua vizuri kabisa. Mwenye sauti hawamjui, wala hawajui kwamba alikufa tarehe 15 Desemba 1989, siku kumi tu kabla ya hiyo Krismasi ambayo nchi nzima inaisherehekea kwa mdomo wake. Ni zaidi ya miaka thelathini na mitano. Nina watoto wenye umri huo sasa.

Nilianzia kwenye muziki, kwa sababu siipendi hii desturi ya kumtaja kana kwamba ni bango la zahanati. Philly alikuwa mwanamuziki kabla ya kuwa mgonjwa, na muziki wake ulikuwa mzuri hata kama asingeugua. Niliwaambia kuhusu Kampala ya bendi, ya Cranes, ambayo kutoka kwake ilitoka bendi ya Afrigo mwaka 1975, na kwamba Moses Matovu alikuwa anapuliza saksafoni kabla mama zao hawajazaliwa. Nikawaambia jinsi miaka ya Amin na vita vilivyofuata vilivyowatawanya wapigaji wetu, wengi wakaangukia Nairobi, na Philly akafika mpaka Sweden. Kule ndiko alikotoa "Born in Africa", na sisi huku tulipoisikia mara ya kwanza hakuna aliyekaa. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani, watu wamezika, nyumba zina matundu ya risasi, halafu huyu mtu kutoka kwenye baridi ya Ulaya anatuimbia kwamba kuzaliwa hapa ni jambo la kujivunia. Wewe ulilia. Mimi sikulia, lakini nilikuwa na sababu ya kumtazama mpiga besi.

Maana nasi tulikuwa na yetu, na hilo niliwaambia pia wale watoto. Walikodoa macho. Hawawezi kuamini kwamba mtaa huu wa nyumba zinazomenyeka rangi ulikuwa na bendi, kila Jumamosi, pale ukumbini. Wajaluo, Wasoga, Wanubi, Wasamia, Walugbara, Wagisu, Kiswahili kimewaunganisha wote jukwaani kama kilivyowaunganisha kiwandani. Masanduku ya spika yamepigwa misumari na yule seremala wa karibu na msikiti. Yusufu anatoka zamu ya Nytil, kile kiwanda cha nguo, saa kumi, anapita nyumbani kumeza chai, saa kumi na mbili yuko jukwaani na vumbi la pamba bado limo kwenye nywele. Walianza na za Afrigo kupasha ukumbi, halafu usiku ukikolea wanaingia za Philly, na ule wimbo ulioanza na besi peke yake, Yusufu alikuwa anaurudia mwanzo wake mara mbili, mara tatu, anatuchelewesha makusudi mpaka watu wanapiga kelele. Ukumbi bado upo. Sasa wanasali mle siku za Jumapili, na siku nyingine wanakodisha viti.

Nimekaa sana hapo. Nirudi.

Walipouliza alikufaje, niliwaambia. Lakini nilipofika kwenye mwezi wa Aprili 1989, aliposimama mbele ya watu akasema ana ukimwi, niliona hawaelewi ukubwa wake. Kwao ni jambo la kwenye kitabu cha bayolojia. Hawakuwahi kusikia ile ngoma iliyokuwa inapigwa Radio Uganda kabla ya tangazo la msiba, nyumba nzima inanyamaza na kijiko kimebaki hewani. Hawajui kwamba ukimwi tulikuwa tunauita silimu, tena kwa kunong'ona. Ulikuwa umeonekana kwanza kule Rakai, kwenye mialo ya ziwa, mwaka 1982, na kufikia hapo 1989 kila mtaa ulikuwa na matanga yake, na bado hakuna marehemu hata mmoja aliyekuwa amekufa kwa silimu. Wote walikuwa wamekufa kwa malaria, kwa kifua, kwa kurogwa. Mama Noerine Kaleeba alikuwa ameshaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, mwaka 1987 baada ya ugonjwa huo kumchukua mumewe, na hata hivyo ukionekana unaelekea mlangoni kwao watu wanahesabu siku zako.

Ndipo Philly akasema. Angeweza kunyamaza. Alikuwa Ulaya, ana jina, angeugulia huko na sisi tungeambiwa ni kansa. Na unakumbuka mtaa ulivyompokea? Kalipwa na wazungu. Anatafuta kuuza kaseti. Mgonjwa gani huyu ana mashavu? Baba yangu mwenyewe alisema hivyo, Mungu amrehemu, akiwa ameshika redio mkononi. Wewe ulikuwa Kampala kwenye uuguzi, ulimwona kwa macho yako alipokuja kuzungumza na wanafunzi, ukaniandikia kwamba amekonda na kwamba aliimba hata hivyo. Alizunguka shule na makanisa akijua mwili unamkimbia, na bado wapo waliosubiri azikwe ndipo waamini.

Mmoja hakusubiri. Na hapo ndipo nilipokwama mbele ya wale wasichana, Rehema, kwa sababu kinachofuata si changu kukisema. Ni chenu.

Tangu mvua za 1988 Yusufu alikuwa anaumwa. Tulisema ni pamba imemuingia kifuani. Halafu tukasema ni wivu wa kazini, maana walitaka kumpandisha awe msimamizi. Mkampeleka kwa waganga wa ng'ambo ya mto, akarudi na chale. Sahani yake ikatengwa, ile ya bati yenye ua jekundu, na kikombe, vikawa vinakaa dirishani peke yake. Hakuna aliyeagiza vitengwe. Vilitengwa tu. Halafu jioni ile, wiki chache baada ya tangazo la Philly, aliwaita wote uani, mimi nikiwa kwenye ngazi ya mlango kwa sababu nilikuwa bado si wa nyumba ile, ingawa Baba yako alikuwa ameshapokea barua ya wazee wetu na... Basi. Akasema, "Mimi ninao ule wa Philly." Kwa sauti ya kawaida kabisa. Mama akainuka, akaenda dirishani, akaichukua ile sahani, akaiosha pamoja na zetu, akampakulia ndani yake, kisha akala naye humo humo.

Aliishi mpaka Februari 1990. Miezi ile alikuwa na wageni. Wenzake wa bendi walikuja na magitaa uani. Asingekuwa nao kama Philly asingefungua mdomo, na hilo nitalishuhudia popote.

Sasa kwa nini nakuchosha na unayoyajua. Bwenini kwangu kuna mtoto anakunywa dawa. Jina sitalitaja hata kwako. Alizaliwa nao. Dawa anapata bure, kama wanavyopata wengi tangu mwaka 2004, afya yake ni njema kuliko yangu, anacheza netiboli, akili anazo. Shida yake ni kopo. Vidonge vikipungua, kopo linalia kila akilishika. Kwa hiyo amelijaza pamba mpaka shingoni, na saa tatu usiku, wenzake wakiwa kwenye sala, anaingia chooni kuichokoa ile pamba kwa vidole gizani. Nilimkuta. Alitetemeka kuliko mtu aliyeshikwa na wizi. Tangu siku hiyo anakuja kunywea chumbani kwangu, nimempa kisingizio cha kunisaidia kuhesabu mashuka. Lakini mimi si wa milele pale, na nina hakika si yeye peke yake. Kuna siku alikosa nafasi akaruka, na kuruka ndiko kunakoua siku hizi.

Nilimwendea mkuu wa shule, nikasema niruhusu niwazungumzie watoto habari za Philly sawasawa. Amenipa Ijumaa ya kwanza ya Novemba, saa nzima, kabla mitihani haijawameza. Kaseti nataka niwapigie. Wasikie "Alone" kutoka kwenye mkono wa mtu aliyeinakili akiwa na ugonjwa huohuo. Yule fundi wa saa wa Main Street bado ana redio kaseti inayofanya kazi, ameshakubali kuniazima.

Na nataka wewe uje. Hilo ndilo nililoshindwa kulisema kwenye simu. Mimi naweza kuwaeleza Philly. Yusufu ni ndugu yako, na wewe ni muuguzi mstaafu, ukisema watakusikiliza. Si lazima utaje ukoo. Si lazima uyaseme yote, ukisema habari ya sahani tu inatosha. Yule mtoto atakuwa amekaa mstari wa pili au wa tatu, wala hatajua kwamba umekuja kwa ajili yake, wala wewe hutajua ni nani. Ninajua Mama hapendi jambo hili lizungumzwe nje, na umri wake hauruhusu nimkasirishe. Kama atakataa nitaelewa, sitanuna. Lakini yeye ndiye aliyeichukua ile sahani dirishani mbele ya mtaa mzima, na moyo unaniambia kwamba ukimweleza vizuri atakuruhusu. Mweleze asubuhi baada ya chai, si jioni mguu ukiwa unamuuma.

Nijibu basi. Kaseti ipo? Kama ipo, utepe haujashikana? Usijaribu kuucheza kwanza, waambie watoto wauzungushe kwa kalamu taratibu. Mama unamwambia lini? Au unaona nimwandikie mimi? Duka unaweza kumwachia nani kwa siku nne, yule binti wa mdogo wako amejifunza kupima kitambaa bila kuwapunja watu wala kujipunja? Basi la usiku la kupitia Karuma bado unaliogopa, au utachukua la asubuhi ulale Kampala? Na yule mpiga ngoma wa bendi yetu, nasikia amehamia Arua kwa mwanawe: umemwona? Ni mzima? Anaweza kupanda basi? Kwa sababu kama anaweza, mje wote wawili, nauli yake nitaitafuta.

Msalimie Mama sana. Wajukuu wabusu.

Ni mimi wako,
Agnes