Mwanangu, hiyo IST inataka macho yako

Mwanangu Mwanaidi,

Nakusalimu sana. Baba yako na wadogo zako hawajambo, nami sijambo, magoti tu ndiyo yananisumbua. Picha ya gari lako, hiyo Toyota IST, nimeiona, na hapa dukani nimemwonyesha kila aliyeingia, hata waliokuja kuulizia plagi tu. Hongera. Sasa kaa nikwambie, maana kwa muda wote niliouza spea nimejua nani hurudi kununua nini, na kwa sababu gani.

Ukipata nafasi leo, fungua mlango wa dereva utazame kwenye fremu yake, kisha ufunue boneti. Magari mengi ya Japani huja na stika ndogo ya mara ya mwisho kumwagwa oili, yaani kubadilishwa: tarehe na kilomita. Mwaka mara nyingine huandikwa kwa hesabu ya utawala wa mfalme wao, basi usishangae: H28 ni 2016, R3 ni 2021. Linganisha kilomita za stika na za kwenye mita. Kama stika inasema 98,000 na mita inasema 71,000, mita imerudishwa nyuma, na muuzaji ana maneno ya kukueleza. Ukikuta stika, ipige picha unitumie.

Oili utaipima mwenyewe, si fundi. Gari likae mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke chini. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena ndipo usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa nyeusi usiogope, weusi peke yake si ugonjwa. Cha kuogopa ni oili iliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo maji yameingia, na gari lisiwashwe tena mpaka lionwe.

Injini nyingi za IST hula oili chini kidogo ya lita 4, filta ikiwemo. Nakwambia hili kwa sababu galoni linalouzwa ni la lita 4, na vijana wengi wa gereji hulimimina lote ili lisibaki. Oili ikizidi inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Simama pale pale, mwambie apime kwanza. Kopo tupu ondoka nalo au litoboe, maana makopo mazima hujazwa tena oili isiyojulikana na kurudi sokoni. Watu watakwambia umwage oili kila kilomita 5,000, na si vibaya, lakini wewe unakaa Kigamboni na kazini ni Posta, katikati ya Dar. Kwenye foleni injini inazunguka huku mita haisogei. Kama miezi sita imepita na kilomita hazijatimia, mwaga tu.

Sasa joto. Wenye magari mapya huogopa breki na taa, kumbe kinacholeta watu dukani kwangu wakiwa wamenyong'onyea ni gari kuchemsha. Gari hilo linataka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, si maji ya bomba. Maji ya bomba huleta kutu na magamba ndani ya rejeta, mwishowe vijia vinaziba. Kama kulanti imeandikwa kwamba imeshachanganywa, usiiongeze maji. Kama ni ile nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled water), yale ya kuongezea kwenye betri, si asidi. Na usichanganye rangi hii na ile kwa sababu tu zote ni kulanti. Kiwango chake kitazame asubuhi kwenye kile kichupa cha plastiki. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto hata akikwambia nani. Yale maji yamebanwa, yakipata mwanya yanaruka usoni.

Siku moja fundi atakwambia, "Dada, huku kwetu joto, themostati haina kazi, tuitoe." Kataa. Themostati hubaki imefungwa mpaka maji yafike nyuzi 80 na ushei, ndipo ifunguke yaende kupozwa kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inachukua muda mrefu kupata joto lake la kazi, inakunywa petroli zaidi, na huenda ikachakaa mapema. Kama gari linachemsha, atafute kwa nini linachemsha: feni haizunguki, pampu ya maji imechoka, rejeta imeziba, mfuniko haushiki. Kutoa themostati ni kumfukuza mlinzi kwa sababu kuna wizi.

Taa nyekundu ya joto ikiwaka njiani, zima AC, washa hita mpaka mwisho hata kama utatoka jasho, na utafute pa kuegesha. Zima injini, subiri ipoe kabisa. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, hedi, yaani kichwa cha injini, inaweza kupinda, na bei ya hedi sitaki hata kukuandikia.

Upepo wa matairi upime asubuhi kabla hujatembea mbali, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlangoni, si kwa anavyoona kijana wa kituo cha mafuta. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hata wauza matairi wengine wanategemea hujui kusoma hapo. La spea nalo lipime.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, kwa sababu yanavuta unyevu hewani. Na yakidondoka kwenye bodi, mwaga maji hapo hapo, mengi. Yanakula rangi.

Na rangi ndiyo najua unaipenda kuliko yote, weupe wake ule. Rangi ya kiwandani mara nyingi ina matabaka: praima imeshika bati, juu yake rangi yenyewe, juu kabisa klia, ile inayong'aa. Hiyo klia ni nyembamba kuliko unywele wako. Kila mtu anayelisugua gari lako anaipunguza. Kwa hiyo mimi sina imani na vijana wa kuosha barabarani, wenye ndoo moja na tambara ambalo limetoka kufuta tairi za bodaboda. Ukilitazama gari jeusi lililooshwa hivyo mwaka mzima, juani utaona vimistari vya duara mwili mzima. Kwenye jeupe havionekani sana, lakini vipo.

Osha mwenyewe, kivulini, boneti ikiwa imepoa. Kwanza mwagia maji tu, mchanga utoke kabla hujagusa. Kisha shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya nguo na ya kuoshea vyombo ziache jikoni, zinaondoa waksi yote. Ndoo mbili: moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anza juu kwenye paa, teremka, chini mwisho. Magurudumu yawe na kitambaa chake. Kausha kwa maikrofaiba, usiache maji yakaukie juani yakaacha madoa. Na gari lenye vumbi usilifute kavu kwa kitambaa asubuhi ukiwahi kazini. Bora liende chafu.

Dar mna kunguru. Mavi yao yanachoma klia, hasa jua likishawaka. Usikwangue. Lowesha tishu, ifunike hapo dakika chache, yakilainika inua. Utomvu wa mwembe hivyo hivyo, ndiyo maana kivuli cha mwembe si maegesho, hata kama jirani anakusifia.

Waksi paka kila baada ya miezi miwili au mitatu. Waksi inaongeza tabaka, polishi ya kukata inapunguza. Hizo ni kazi mbili tofauti, na wauzaji huziita zote polishi. Mtu akikuahidi kung'arisha kwa mashine, muulize anatumia dawa gani, na asipojibu ondoka. Mchubuko ukiupata, pitisha ukucha: usipokwama ni wa klia, unaweza kupungua kwa polishi ya mkono. Ukikwama, mchubuko umeingia ndani zaidi ya klia. Bati likionekana usingoje, kwa sababu hewa ya bahari huko Kigamboni inaanzisha kutu haraka, na kutu inatambaa chini ya rangi nzima. Tafuta kile kibati kidogo cha kiwandani, si namba ya usajili, aidha chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, usome palipoandikwa C/TR. Namba ya kwanza ni ya rangi. Ikiwa ni 040, basi ni ule weupe wa kawaida wa Toyota, na kichupa chake kidogo chenye brashi hakisumbui kukipata. Ukirudi ufukweni, au ukivuka kwa pantoni siku ya mawimbi, pulizia maji yasiyo na chumvi mpaka chini ya gari, kwenye matao ya magurudumu.

Turubai la kufunikia usilinunue. Upepo wa huko utalisugua na mchanga usiku kucha.

Vitambaa vya maikrofaiba, shampuu na galoni la kulanti nimevifunga kwenye boksi, nitalituma kwa basi la Jumamosi asubuhi, risiti nitakutumia kwa simu. Kulanti niliyoiweka ni ile iliyochanganywa tayari. Usimwambie baba yako bei ya shampuu.

Mama yako