Historia ya chanjo isianzie kwa Jenner

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu namna historia ya sayansi inavyosimuliwa. Makala za chanjo huanza karibu zote na mwaka 1796, daktari Mwingereza Edward Jenner alipomchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Jenner anastahili heshima yake, kwa kuwa njia yake ilikuwa salama kuliko zilizotangulia. Lakini hizo zilizotangulia hazitajwi, na kuzinyamazia ni kuwadhulumu watu wengi.

Wachina walikuwa wakipuliziwa puani unga wa magamba ya vidonda vya ndui. Kwingineko, kuanzia India na Uturuki hadi Afrika Magharibi, ngozi ilichanjwa na kutiwa usaha wa mgonjwa, ili mtu augue kidogo na asiugue tena. Jenner mwenyewe alikingwa hivyo utotoni.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Boston, wakati huo mji wa koloni la Uingereza. Mwaka 1716 mchungaji Cotton Mather aliiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwamba Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake, alimweleza jinsi alivyochanjwa kwao, akamwonyesha na kovu mkononi. Ndui ilipozuka mwaka 1721, ni daktari mmoja tu, Zabdiel Boylston, aliyekubali kuijaribu njia hiyo. Katika mlipuko ule watu 844 walikufa miongoni mwa wagonjwa wapatao 6,000, ilhali kati ya watu zaidi ya 240 waliochanjwa na Boylston walikufa 6.

Daktari William Douglass aliupinga mpango huo na kuubeza ushahidi wa Waafrika. Hata hivyo Mather alikuwa amewauliza Waafrika wengine, maelezo yao yakaafikiana, tena yakalingana na taarifa ya tabibu Emanuel Timoni kutoka Istanbul, iliyochapishwa London mwaka 1714. Ushahidi wa watu wasiojuana ulipolinganishwa hivyo, ilikuwa ni sayansi kamili, na waliotoa maarifa yenyewe walikuwa watumwa. Inaniuma kwamba Onesimus, ambaye hata jina hilo alipewa na bwana wake, tunamjua kupitia kalamu ya aliyemmiliki tu.

Kwa hiyo naziomba taasisi zinazofadhili utafiti zisiiachie historia ya maarifa kwa wasomaji wa nyaraka za Ulaya peke yao. Mtafiti wa chanjo anahitaji Kichina, Kiarabu, Kituruki cha zamani na lugha za Kiafrika, pamoja na ustadi wa kupima masimulizi ya mdomo, na kwa kuwa hakuna mtu mmoja awezaye yote hayo, fedha zitolewe kwa makundi ya watafiti wa nchi mbalimbali. Waandishi wa vitabu vya shule, nao, wanaweza kuanza sasa: aya moja kabla ya ile ya Jenner inatosha.

Msomaji wako