Kinyago cha Netsuke: Tunaomba Picha ya Nyuma Kwanza

Wateja wengi hututumia picha ya uso wa kinyago peke yake: pembe mbili, meno nje, macho makali. Kisha swali: "Hiki ni cha kale kweli?" Kabla hatujajibu, tunaomba picha ya nyuma.

Japani ya enzi ya Edo, 1603 hadi 1868, kimono haikuwa na mifuko. Mwanamume alining'iniza kifuko cha tumbaku au kikasha cha dawa mshipini, na juu ya kamba akafunga netsuke, yaani kizuizi kidogo cha kuchongwa, ili isichomoke. Vinyago hivi, vingi vikiwa na sentimita 4 hivi, ni netsuke zilizoiga vinyago vya Noh na Kyogen, michezo ya kuigiza ya Kijapani. Ukoo wa Deme, mafundi wa vinyago vya Noh, ulitoa pia wachongaji wa hivi vidogo.

Kwa hiyo nyuma lazima pawe na pa kupitishia kamba: matundu mawili, au kijiti kilichoachwa kikikatiza uwazi. Kilichovaliwa sana hulainika kingo hapo. Cha resini huonyesha mstari wa kalibu pembeni, na rangi ya uzee imepakwa hadi pembe ambazo kidole hakifiki. Lakini kukosa uchakavu pekee si ushahidi wa ughushi: baada ya 1868 vingi vilichongwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, havikuwahi kuvaliwa.

Uso wenye pembe mbili mara nyingi ni Hannya, mwanamke aliyegeuzwa zimwi na wivu. Kisa maarufu ni cha Kiyohime. Alimpenda mtawa Anchin, naye akamkimbia, akajificha ndani ya kengele ya hekalu la Dojoji. Kiyohime akageuka joka, akaizinga kengele, akamteketeza humo humo. Jukwaani, mwigizaji akitazama mbele moja kwa moja, Hannya anatisha. Akiuinamisha, anaonekana analia. Inamisha kinyago chako chini ya taa. Fundi hodari aliuhifadhi ule msiba hata katika uso unaoenea kiganjani, na hapo ndipo sisi tunapokubali kulipa zaidi.

Uso mwingine ni Okame, mwenye mashavu manene na tabasamu. Huhusishwa na Uzume, mungu wa kike wa hekaya za Kijapani, aliyecheza ngoma hadi mungu wa jua akatoka pangoni.

Tutumie picha za mbele, nyuma na pembeni, mchana, rula ikiwa kando. Usikipake mafuta wala kukisugua. Vya pembe za ndovu hatununui wala hatuuzi, hata viwe vya kale namna gani.