Barasa, jogoo wangu yuko wapi?

Njoro, Jumapili jioni

Barasa ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mama watoto anakohoa kidogo kwa hii baridi. Najua nimenyamaza tangu matanga ya mzee Wekesa, na sababu unaijua. Ulinicheka mbele ya watu, eti mwalimu mzima hajui kwamba fuko ni kipofu. Tukawekeana jogoo.

Basi nimemwona. Sikusimuliwa, nimemshika kwa mkono wangu.

Fuko wamenimalizia viazi, bwana. Unasimama shambani asubuhi, shina linatikisika na upepo hakuna, kisha linazama lote kama mtu aliyevutwa mguu. Siku ya kwanza jirani alipiga kelele, "Huko! Huko!" Nikamuuliza, huko wapi? Kumbe kwa Kikuyu fuko ndiye huko. Mpaka leo nikipita dukani wananiuliza, "Mwalimu, huko wapi?"

Nikaitiwa mzee wa mitego. Akafungua njia yao, akainamisha fito, akafunga waya, maana fuko hapendi upepo uingie kwake, lazima aje kuziba. Chai haijapoa, fito ikaruka. Mnono, kahawia, meno ya rangi ya chungwa yametokeza nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Na macho, Barasa! Madogo kama mbegu za sukuma, lakini mawili, meusi, yananing'aria. Jogoo ni wangu.

Kosa langu ni kwenda kusoma zaidi. Huyu wetu, kwa jina la kitaalamu Tachyoryctes, amewekwa katika familia ya Spalacidae, na ndani ya familia hiyo wamo wa Uturuki, Israeli na Ukraine ambao ni vipofu kabisa: macho yamefunikwa na ngozi, na manyoya juu yake. Kwa hiyo hukusema uongo, ulikosea nchi tu. (Usimwonyeshe mtu barua hii.) Halafu wale fuko wasio na manyoya, wa upande wa Mtito Andei, ambao ungeapa ni binamu wa hawa wetu, wako karibu zaidi na nungunungu. Nungunungu! Undugu huo hata wazee wa ukoo wangeukataa.

Na hao vipofu wa Israeli walidhaniwa ni aina moja, kwa sura hutawatofautisha, mpaka kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, zikahesabiwa: wengine 52, wengine 54, 58, 60. Mwaka 2001 kila kundi likapewa jina lake. Wetu wa Afrika Mashariki na Ethiopia ndio vurugu kabisa. Kuna wataalamu wanaohesabu aina 2, wengine 13. Wanabishana kama sisi, sema hawajawekeana jogoo.

Lakini viazi... Mzee wa mitego analipwa kwa mkia, na mikia imefika saba. Mshahara wenyewe unaujua.

Sasa nijibu. Mjomba wako wa Kimilili bado anatega, au magoti yamemshinda? Anaweza kuja wiki moja, chakula na malazi juu yangu? Huko kwenu wanamla fuko au wanamtupa? Nekesa alipata ile kazi? Na jogoo, ni yule mwekundu au unataka kunipa kale kanakochechemea?

Ni mimi,
Otieno