Mkono uliopooza baada ya ajali ya bodaboda: daktari gani wa upasuaji, na lini?

Wengi wanaoletwa kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia wakiwa na mkono uliopooza walianguka na bodaboda. Bega hutangulia chini, shingo ikavutwa upande wa pili, na mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ikavutika, ikakatika, au ikang'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Mtulinga uliovunjika unaungwa vizuri, mgonjwa anaruhusiwa. Miezi minne baadaye mkono bado umefungwa kwa khanga, na ndugu wanatuambia walishauriwa wasubiri tu.

Kusubiri si kosa. Mshipa uliovutika kidogo hupona wenyewe bila kisu. Ila kusubiri lazima kuwe na mwisho. Mshipa wa fahamu hukua takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka shingoni hadi vidoleni ni zaidi ya sentimita 70. Huku nyuma msuli usiopata mawasiliano unanyauka, na baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hauwezi tena kuupokea mshipa hata ukifika. Ndiyo maana upasuaji huu hutakiwa ndani ya miezi 6 ya mwanzo, na daktari wa kuufanya anatakiwa awe ameshamwona mgonjwa mapema zaidi ya hapo. Mshipa uliokatwa na kisu au kioo hausubiri hata hivyo. Huo ni suala la siku chache.

Sasa, daktari yupi? Bingwa wa mifupa au wa ubongo anaweza kuwa hodari sana katika kazi yake na bado asiwe mtu wa kazi hii, inayofanywa chini ya hadubini kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Muulize kwa heshima: kwa mwaka unafanya upasuaji wa mishipa ya mkono mara ngapi? Naweza kuzungumza na mgonjwa wako aliyepasuliwa miaka miwili iliyopita? Na ukikuta mshipa umeng'oka kwenye uti wa mgongo, utafanya nini? Hili la mwisho ndilo tunaloliamini zaidi, kwa sababu mshipa wa namna hiyo hauungiki kwa kupandikiza kipande tu. Kuna njia ya kuazima, kama ile aliyoieleza daktari wa upasuaji Oberlin wa Ufaransa mwaka 1994: nyuzi chache za mshipa wa kiganjani huunganishwa na mshipa wa msuli wa mbele ya mkono ili kiwiko kikunjike. Inafaa pale kiganja chenyewe bado kinafanya kazi. Daktari anayeijua kazi atakueleza hayo bila kukasirika, na atakwambia pia kwamba bega na kiwiko vina matumaini kuliko vidole. Anayeahidi mkono utarudi kama zamani, tafuta maoni ya pili.

Kwa walio Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ni mahali pa kuanzia. Wakala akikushawishi kwenda India, mdai jina la daktari atakayeshika kisu, si jina la hospitali peke yake.

Nenda na tarehe ya ajali, majibu ya MRI ya shingo, na kipimo cha umeme wa mishipa, ambacho husomeka vizuri kuanzia wiki ya 3 au ya 4. Kama kope la upande ulioumia limelegea na mboni ya jicho imekuwa ndogo, mwambie daktari. Ni dalili ya mshipa kung'oka.

Sisi hatupasui. Tunazuia viungo visikakamae na kila mwezi tunaandika nguvu ya kila msuli, kuanzia 0 hadi 5, rekodi ambayo daktari wa upasuaji ataihitaji. Baada ya upasuaji wa Oberlin tunamfundisha mgonjwa kukunja ngumi ili kiwiko kijikunje, mpaka ubongo uzoee. Na tukiona mwezi wa 3 umefika na msuli bado uko 0, tunakuandikia barua ya kwenda kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama ulishalipia mazoezi ya mwezi mzima.